Miwani ya Wageni

Mama yangu aliponda kokoto kwenye machimbo ya Kunduchi tangu sijaota meno, na mie nilikuwa nahofia macho yake. Kila jioni yalikuwa mekundu. Ukiponda jiwe kipande kinaruka, na kipande cha jiwe hakibishi hodi.

Siku moja wakaja watu wa usalama kazini, wakawagawia akina mama kofia ngumu na miwani ya plastiki ya kukinga macho. Nikamshukuru Mungu. Jioni narudi, naikuta miwani ndani ya kabati la vioo sebuleni, kati ya birika la maua na vikombe ambavyo hata mie mwanaye sijawahi kuvinywea. Kaifunika kwa kitambaa cha kufuma.

"Mama, hii si ya kuvaa?"

"Kitu kizuri hivi nikakichakaze kwa mawe? Hiyo ya wageni."

Nilidhani ananitania. Wapi! Shangazi alipokuja kutoka Chamazi kutusalimia, alipelekwa machimboni akavishwa miwani na kofia, akaketishwa chini ya turubai, mbali kabisa na mawe, akimwangalia mama anaponda macho wazi. Mchungaji naye alivishwa. Balozi wa mtaa akavaa, akanogewa, akataka apigwe picha. Na wenzake mama wakawa vilevile. Machimbo mazima, ukimwona mtu ana miwani ujue huyo mgeni.

Nilikasirika, jamani. Nikaitoa kabatini, nikamfuata nayo kazini. Akaipangusa kwa ncha ya khanga, akaifunga humohumo kwenye khanga, akashika nyundo.

"Usinifanye mgeni kwenye kazi yangu," alisema.

Kipande kiliruka Jumatatu asubuhi, kikamwingia jichoni. Hospitali ya Mwananyamala walihangaika nalo, wakalishona, lakini jicho la kulia lilishakwenda. Nililia kuliko yeye.

Aliporuhusiwa, bandeji imeshatolewa, majirani wakaja kumpa pole. Aliposikia hodi ya kwanza akajiinua kwenye mkeka, akaniita kwa sauti ya chini.

"Nipe ile miwani."

"Ya nini sasa, mama?"

"Wageni hao. Wataliona jicho hili washindwe kunywa chai."

Nikafungua kabati, nikamvisha mwenyewe. Plastiki ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo, inaonyesha kila kitu. Nikayaona macho yake yote mawili, moja likinitazama.