Lengo la Mwalimu Marion

Kwa miaka kumi na mmoja Mwalimu Marion Andati aliandika lengo lile lile katika kila andalio la somo: wanafunzi waelewe. Waelewe kujumlisha, waelewe maji safi, waelewe pembetatu. Hakuna aliyemuuliza. Alifundisha katika shule ndogo ya kibinafsi pale Kiamaiko, nyuma ya soko la mbuzi, na wazazi walimpenda kwa sababu darasa lake lilisikika hadi barabarani. Akiuliza, "Mmeelewa?" watoto waliitikia kwa sauti ya kupasua paa: "Tumeelewa, mwalimu!"

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya, Bi. Jannat Kombo, mama mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Alimrudishia Marion daftari mara tatu.

"Mwalimu, huku kuelewa nitakuona wapi?" aliuliza. "Niandikie kitu ambacho mtoto atakifanya, nami nimekaa pale nyuma natazama."

Marion alinuna siku mbili nzima. Nyumbani kwake, mtaa wa Huruma, alimwambia mumewe, Luseno, kwamba yule mama anataka watoto wakaguliwe kama mbuzi wa mnada. Lakini mambo hayakuwa ya kununiwa. Watoto walikuwa wamepungua, na muhula ukiisha mikondo miwili ya Gredi ya Tatu ingeunganishwa. Angebaki mwalimu mmoja: Marion, au Kweyu wa mkondo wa pili. Bi. Jannat angekaa katika somo la kila mmoja, asome faili zao, kisha aamue. Na faili ya Kweyu, jamani, ilikuwa safi kuliko sahani ya mgeni.

Basi Marion akaandika, akafuta, akaandika tena: Kufikia mwisho wa somo, kila mwanafunzi aweze kusoma uzito wa mzigo kwenye mizani, kwa kilo, bila kusaidiwa. Akajipongeza. Mizani akaiazima kwa Mujahid, muuza nyama.

"Ticha, hii ndio inanilisha," Mujahid alimwambia akiipangusa. "Saa sita iwe hapa, sawa?"

Jumatano somo lilianza kwa shangwe, Bi. Jannat akiwa amekaa pale nyuma. Marion alining'iniza mizani mlangoni, akatundika mfuko wa mawe, akawa anaongeza na kupunguza mawe kila mtoto alipokuja kusoma. Ikafika zamu ya Lela. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia kila siku, sauti yake peke yake ikitosha darasa. Mshale ulisimama kwenye kumi na nne.

Lela aliutazama. "Moja... nne," akasema, kisha akanyamaza.

Kila mwalimu wa huku anajua dawa ya hapo. Unaanza neno, darasa linamalizia: kumi na...? Nne! Mtoto anajificha ndani ya kelele na hakuna anayeaibika. Mdomo wa Marion ulikuwa umeshafunguka. Akakumbuka alichoandika kwa mkono wake mwenyewe, akaufunga. Kimya kile kilimuuma sana. Lela akaanza kulia. Marion akamshika bega, akamrudisha kwenye dawati, akaita anayefuata. Kengele ilipolia, watoto tisa kati ya ishirini na wanne walikuwa wameshindwa.

Chini ya andalio kuna nafasi ya maoni ya mwalimu. Walimu wa shule ile huandika hapo "Somo lilifaulu", wengine hata kabla ya kuingia darasani. Marion alishika kalamu akiwaza kazi yake inavyomponyoka. Aliona aibu kali. Akaandika: Tisa hawakuweza. Lela hasomi namba inayozidi kumi. Nimemfundisha tangu Januari na sikujua.

Akalipeleka andalio ofisini, akampa Bi. Jannat bila kumtazama usoni.

"Hawa tisa utawarudia lini?"

"Kesho saa mbili, Madam."

"Iandike hiyo."

Akaiandika. Bi. Jannat akavuta faili ya Kweyu, akaifungua, akaifunga.

"Humu masomo yote yamefaulu, tangu Januari. Hata nilipokaa darasani kwake waliitikia wote kwa pamoja; watoto wake sijui wanajua nini. Wako, angalau, najua wasichokijua. Utabaki wewe. Watakuwa arobaini na watatu."

Marion alishukuru, akatoka. Alifika uani ndipo hesabu ikamwingia: kwa Kweyu kuna watoto kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kunyamaza akawangoja.