Somo la Kwanza, Tena la Kwanza

Kilichoninyima usingizi majira yale ya baridi ni shaka moja: nilikuwa najua Kiayalandi, au najua kubonyeza majibu tu?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi ya maana, naishi na Mama kwenye ghorofa moja huko Malvern, ughaibuni. Mama aliwahi kuwa muuguzi Kenya, na aliyemfundisha kazi alikuwa mtawa kutoka Ayalandi. Sasa mtawa huyo alikuwa kikongwe, kwenye nyumba ya wazee huko kwao. Mtunzaji wake alitueleza kwa simu kwamba Kiingereza kilikuwa kimemtoka. Alibaki na lugha ya utotoni tu. Mama alitaka kumshukuru kabla hajafa. Kazi ya kujifunza nikapewa mimi, "wewe mwenye digrii."

Nikajiandikisha kwenye kozi ya sarufi mtandaoni, zile unazosoma kwa mwendo wako. Mwendo wangu ulikuwa wa kinyonga. Maneno ya Kiayalandi kubadilika herufi za mwanzo hakukunishtua. Sisi tuna mtoto na watoto. Kilichonishtua ni sifa. Kila zoezi, alama ya kijani. Kila somo, hongera. Mimi si mtu wa kusifiwa hivyo. Nikashuku kozi inanibembeleza nisitoroke. Nikarudia somo la kwanza, la pili, tena la kwanza. Miezi ikapita.

"Umefika wapi, baba?" Mama aliuliza kila aliporudi kazini, miguu imevimba.

"Bado narekebisha msingi."

"Msingi gani huo usioota ukuta?"

Asubuhi moja nikaitega kozi. Nilijibu zoezi zima bila kusoma maswali, macho yangu kwenye theluji dirishani. Kijani, kijani, kijani. Maswali yalikuwa yakija kwa mpangilio uleule, na vidole vyangu vilikuwa vimeshaukariri. Nikachukua karatasi tupu, nikajaribu kuandika shukrani ya Mama kwa kichwa changu. Nilipata sentensi tatu, na ya tatu niliitilia shaka.

Nikamsomea Mama na kumtafsiria, nikitarajia huruma.

"Salamu iko wapi?" akauliza.

"Si ulitaka shukrani?"

"Unampigia mtu mzima simu, unamrukia na asante kama polisi? Hujui hata ameamkaje!"

Nikamweleza kwamba kwao ukimsalimu mtu unamtakia Mungu awe naye, na yeye anakujibu kwa Mungu na Maria. Mama akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Kumbe ni watu wa kwetu! Hiyo unaijua?"

Hiyo niliijua. Haikuwa na zoezi wala alama. Niliiona pembeni mwa ukurasa, nikaipenda.

"Basi anza na hiyo. Ukikosea mbele, atakuwa ameshakukaribisha."

Nikapata sababu nyingi za kungoja. Huenda amelala. Huenda lahaja yake ni nyingine. Huenda mtunzaji atanicheka. Kozi nayo ilikuwa wazi kwenye kompyuta, ikiniita kwenye somo la kwanza. Nikaifunga.

Kwetu ilikuwa bado asubuhi, kwao alasiri. Mama akajitanda leso vizuri kama anayekwenda ugenini, akavuta kiti karibu. Nikapiga. Mtunzaji akapokea, akamsogezea mtawa simu. Nikasikia pumzi ya mzee, nzito, ikingoja.

Nikamsalimu.