Salamu ngumu: jinsi fizikia ya form two ilivyotuletea maji Karatu

Wakuu, heshima kwenu wote.

Najua humu ukianza kusimulia, mtu anauliza umeweka sukari kiasi gani. Leo hakuna chai. Ni maji, na ni kweli tupu. Wakongwe wa Karatu mliomo humu mnisute nikidanganya.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani kwenye mradi mdogo wa maji, njia ya kwenda Endamarariek. Tulikuwa na injini moja ya dizeli, inavuta maji kisimani na kuyapeleka kituo cha afya na vijiji vya jirani.

Wa miaka ile mnajua. Sabuni dili, sukari dili, vipuri ndiyo usiseme. Nozo ya injini, kile kipuri kidogo cha kupulizia dizeli, ikafa. Tukaambiwa tusubiri fedha za kigeni. Tukasubiri mpaka ndege wakajenga kiota kwenye bomba la moshi.

Shida yenyewe ni hii. Mama akienda kujifungua pale kituoni, ilibidi aende na debe lake la maji. Ndiyo, debe. Uchungu umemshika, na maji lazima mtu ayatoe korongoni, kote kupandisha.

Mke wangu Paskalina alimzaa mtoto wetu wa kwanza, Yohana, kwa mtindo huo. Mama yake alikuwa nyuma na debe kichwani, nusu likamwagika njiani. Na sasa alikuwa na mimba ya pili. Kila jioni ananiuliza, "Baba Yohana, injini imeamka?" Najibu bado. Wakuu, mfanyakazi wa maji asiye na maji, niliona aibu hata kubisha hodi kwangu.

Siku moja bosi akatuita. Kuna wafanyakazi wa maji kutoka Norway, wamealikwa na chama cha wafanyakazi. Wanapanda Ngorongoro kuona kreta, watasimama kwetu kidogo kutusalimia.

"Mgeni haonyeshwi ufa wa nyumba," bosi akasema. "Mambo yote safi. Injini inapumzika. Tumeelewana?"

Tukaitikia. Hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa wakubwa wake kuliko simba. Ukalimani nikapewa mimi kwa kuwa nilifika form four.

Wakaja na Land Rover, wekundu kwa vumbi kama sisi. Wanaume wawili na mama mmoja mrefu, Ingrid, fundi bomba. Narudia, mama, fundi bomba! Akasimama mbele ya injini, akasema: "We bring you solidarity from the water workers of Norway."

Jasho likanitoka. Solidarity! Sijawahi kukutana nayo. Nikapekua kichwa, nikakuta fizikia ya form two: solid, liquid, gas. Solid ni kitu kigumu. Nikakaza uso.

"Wanasema wametuletea salamu ngumu kutoka Norway."

Tluway, mwendesha mashine wetu, Mwiraqw asiyecheka hovyo, akauliza, "Ngumu namna gani, karani?"

Ningejuaje? Nikamgeukia mgeni: "Please, show them."

Ingrid akainua ngumi juu, kisha akamshika Tluway mkono kwa mikono yake miwili, akabana. Tluway naye akabana. Mishipa ikawatoka shingoni, hakuna anayeachia, mwisho wakaanza kucheka wote wawili.

Basi ikaeleweka kwamba salamu ngumu ni ya kubana. Tukapanga foleni.

Alikuwepo Mzee Lemburis, mfugaji wa Kimasai aliyekuwa akiteremka na punda wake mara kwa mara kuulizia maji. Zamu yake ilipofika akatema mate kiganjani, kama wazee wa kwao wanavyombariki mtu, ndipo akamshika Ingrid. Mama wa watu akanitolea macho. "What was that?"

"Madam," nikajibu, "yours is solid. This one is liquid."

Alicheka mpaka akaegemea injini. Bosi naye akacheka. Hakuelewa, lakini alicheka.

Sasa tatizo. Tluway na mafundi wenzake mikono ilikuwa imejaa grisi, na wageni wote wakawa weusi mpaka kwenye viwiko. Ingrid akaona bomba ukutani, akaenda kunawa. Akafungua.

Pfuuu. Hewa tupu, na buibui mmoja.

Bosi akatazama mawingu. Mimi nikatazama viatu vyangu. Amri hatukuivunja, wakuu, bomba lilisema lenyewe.

Ingrid akamuuliza Tluway kulikoni. Tluway akamtazama bosi kwanza. Bosi akashusha pumzi, akasema, "Mwambie tu, ndugu yangu."

Tluway akaifungua nozo, akaiweka kwenye kiganja cha mgeni. Mimi nikatafsiri, halafu nikaongeza la kwangu ambalo hakuna aliyeniuliza: habari ya debe, na ya Paskalina. Ingrid aliifunga ile nozo kwenye kitambaa chake, akaitia mfukoni. Wakanawa kwa maji ya dumu la kwenye gari, wakapanda kreta.

"Ndiyo wameshakwenda hao," Tluway akasema. Sikumbishia.

Vuli ikanyesha, ikapita. Kisha akaja mgeni mwingine wa chama chao, mfukoni ana nozo mpya na nyingine ya akiba. Kumbe Ingrid aliizungusha ile mbovu kazini kwao, wakachangishana. Tluway akafunga mpya, akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Watu walipiga vigelegele hadi ndege wa kwenye bomba la moshi wakahama.

Paskalina alikwenda kujifungua bila debe. Mama mkwe alitembea nyuma yake mikono mitupu, analalamika hajui aiweke wapi.

Msidhani imeisha.

Miaka ikaenda. Nikasikia redioni "solidarity" ikitafsiriwa "mshikamano", nikagundua nilichofanya, nikanyamaza. Salamu ngumu ilishakuwa salamu ya kazini kwetu, ningeirekebishaje?

Halafu tukapata habari kupitia chama kwamba akina Ingrid wamegoma. Mji wao ulitaka kupunguza mafundi na kumpa tajiri kazi ya maji. Tuwatumie nini, sisi wa mahindi na maharage ya ngwara? Tluway akasema, "Tuwatumie walichotuletea." Tukaazima redio kaseti, tukajifungia stoo kurekodi wimbo, kiitikio chake "Salamu ngumu".

Mgomo miaka ile lilikuwa neno la kunong'ona. Mlango ukafunguliwa, akaingia bosi. Tukaganda. Akaufunga mlango nyuma yake, akauliza, "Besi anaimba nani?"

Kaseti ikaenda. Baadaye ikaja bahasha yenye picha moja tu. Ingrid yuko mbele ya geti, theluji hadi magotini, na nyuma yake kundi la wenzake. Ameshika bango kubwa, limeandikwa kwa herufi za mkono: SALAMU NGUMU.

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Paskalina akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Baba Yohana, huo uongo wako umefika mbali." Ipo ukutani sebuleni mpaka leo.

Nilichojifunza, wakuu: wale hawakuja kama wafadhili. Walikuja kama mafundi wenzetu, na zamu yao ilipofika walitegemea tuwakumbuke. Tukawakumbuka.

Haya, uwanja wenu. Walimu wa Kiingereza nipigeni mawe taratibu. Na kama kuna mtu humu alizaliwa kituo kile baada ya injini kuamka, ajitokeze. Binti yangu anasema yeye ndiye wa kwanza, na hajapata wa kumpinga.