Mfuniko Kwenye Kichuguu

Kila mwaka mahindi yalipoanza kutoa ndevu, Longinus wa Kumsenga alichukua mfuniko mbovu wa sufuria, akaubandika kwa udongo mbichi kwenye ubavu wa kichuguu kilicho mwisho wa kiwanja chake, kisha akarudi nyuma na bunduki. Mfuniko ule ulikuwa na upana wa mahali penye moyo na mapafu ya nguruwe pori. Hakuhitaji kuupiga katikati. Kuupata popote kulitosha.

Alipiga risasi moja tu. Akiupata, pale aliposimama ndipo palikuwa mpaka wake wa mwaka mzima, na nguruwe akisimama mbali kuliko hapo, hakumpiga. Akiukosa, hakurudia siku ile. Aliifuta bunduki, akaiweka, akangoja kesho asubuhi na kusimama karibu zaidi. Sheria hiyo aliirithi kwa baba yake. Marehemu alikuwa akisema, "Risasi ya kwanza ya asubuhi ndiyo yako. Ya pili ni ya mtu aliyekwisha kuzoesha mkono, na nguruwe hakungoji uzoee."

Watu wa Kumsenga walisema Longinus hakosi. Yeye, mtu wa aibu, aliinamisha kichwa na kuacha maneno yapite. Ernesta, mkewe, ndiye aliyejua ukweli: mumewe hakosi kwa sababu hapigi mbali. Ujanani alisimama kwenye kisiki cha mninga, mpakani kabisa na shamba la jirani. Baadaye akasogea kwenye jiwe la kuanikia muhogo. Miaka ya karibuni alisimama chini ya mparachichi. Kila mwaka Ernesta alimuuliza swali lile lile, "Mwaka huu umesimama wapi?" Na kwa jibu lake alijua mumewe amezeeka kiasi gani.

Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu, kama mtu anayetazama kupitia moshi wa kuni mbichi. Daktari wa macho huko Kasulu alimwambia taratibu kwamba lililopotea halirudi, dawa ni ya kulinda lililobaki. Longinus alitia matone yake kila jioni, na habari hiyo hakumwambia mtu ila mkewe.

Mwaka huu alisimama chini ya mparachichi, akavuta pumzi, akapiga. Udongo wa kichuguu uliruka pembeni. Mfuniko haukutikisika.

Ernesta alikuwa ndani akichambua maharage. Aliuliza kama kawaida yake.

"Kwenye mparachichi," Longinus akajibu, akaenda kunawa mikono.

Alikusudia kurudia kesho yake, karibu zaidi, kisha amwambie ukweli. Lakini kesho hiyo, hata kabla jua halijatoka, Ildefonsi, mwenyekiti wa kitongoji, alibisha mlango na kusalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, Longinus. Nguruwe wameingia tena kwa Vestina. Bwana nyama ametoa ruhusa. Usipokwenda leo, yule mama mwakani atakula nini?"

Vestina alikuwa mjane wa mdogo wake Longinus. Shamba lake lilikuwa bondeni, likipakana na kinamasi cha mafunjo, karibu na kisima kinachotumiwa na upande wote ule wa kijiji. Mahindi na muhogo wa pale ndio chakula chake na watoto. Longinus alichukua bunduki.

Njiani akamkuta Japhet, mtoto wa kaka yake, mwashi aliyerudi kutoka Kasulu akiwa na bunduki mpya na kibali ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia.

"Twende wote, baba mdogo. Mimi kule Kasulu nilikuwa napasua chupa kutoka ng'ambo ya shimo la mchanga. Waulize."

"Chupa ya ngapi?" Longinus akauliza.

"Ya ngapi vipi?"

"Ulipasua chupa kwa risasi ya ngapi?"

Japhet akacheka. "Sasa hayo nayo ni maswali! Watu siku hizi wanapiga mbali, baba mdogo. Wewe unasogea mpaka mtu anashindwa kujua, unamwinda nguruwe au unamsalimia?"

Longinus akatabasamu kidogo. Utani huo haukuwa na ubaya. Lakini asubuhi ile ulimwingia.

Walilala kifudifudi ukingoni mwa mahindi. Kulipoanza kupambazuka, dume kubwa lilitoka kwenye mistari, likasimama ubavu, likitafuna. Longinus alipima kwa jicho. Ilikuwa kama kutoka mparachichi hadi kichuguu, si zaidi. Mwaka jana angepiga bila kuwaza.

"Baba mdogo," Japhet akanong'ona, "huyo hapo. Au umsalimie kwanza?"

Longinus akapiga.

Nguruwe alilia. Hakuanguka. Alijikunja nyuma, akageuka, akaingia kwenye mafunjo. Walipofika pale aliposimama, walikuta damu kidogo, imechanganyika na majani yaliyotafunwa, yenye harufu ya tumbo. Longinus alichuchumaa, akaigusa kwa kidole, akainusa.

"Amepatikana!" Japhet akasema. "Huyo atakufa mwenyewe."

"Atakufa," Longinus akasema. "Lini?"

Akamtuma Japhet kwa Vestina na Ildefonsi, awaambie mtu yeyote asiende kisimani. Nguruwe aliyejeruhiwa hujilaza kwenye njia yake mwenyewe, na njia za nguruwe wa pale zote zilikatiza kisimani. Wanawake waliokuwa wameanza kushuka wakageuka na ndoo zao tupu. Siku ile upande wote ule wa kijiji ulichota maji ng'ambo ya kilima, kwa ajili ya risasi ya mtu mmoja.

Sheria ya pili ya baba yake Longinus ilikuwa hii: aliyejeruhi mnyama hatii chumvi mdomoni mpaka ammalize. Sheria hiyo ilipomkuta Longinus mara ya mwisho, alikuwa bado hajamwoa Ernesta. Jioni ile, aliporudi na matope mpaka kiunoni, mkewe alimwekea ugali na maharage. Yeye akamega ugali mtupu, akalisukuma mbali bakuli la mboga.

Ernesta aliutazama mkono ule uliosukuma bakuli. Alikwenda jikoni akamchemshia viazi bila chumvi, akaja, akavila pamoja naye.

Kesho yake waliingia tena kwenye mafunjo. Japhet hakutania tena. Alikuwa amesikia usiku kucha, nyumbani kwa Vestina alikolala, sauti ikitoka bondeni, si kilio wala mguno, kitu cha katikati. Watoto wa Vestina walikuwa wameisikia pia.

"Baba mdogo," akasema wakiwa wamesimama kwenye maji, "nilifikiri ukimpata, umempata."

"Hata mimi nilifikiri hivyo nilipokuwa kama wewe."

Walimkuta nguruwe adhuhuri, amejilaza ubavu kwenye kisiwa kidogo cha nyasi, nzi wamemjaa. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa. Aliwatazama tu. Longinus alisogea mpaka urefu wa mpini wa jembe, mahali ambapo hata kipofu hakosi, akammaliza.

Nyama ya tumbo ilikuwa imeharibika. Walibeba kilichofaa, wakampa Vestina sehemu yake, na wanawake wakarudi kisimani. Hakuna aliyemlaumu Longinus. Wengine hata walimsifu kwa kumfuata nguruwe siku mbili. Sifa hiyo ilimuuma kuliko lawama.

Nyumbani Ernesta aliweka mboga yenye chumvi. Longinus alionja, akaiacha ikae mdomoni.

"Siku ile," akasema, "kwenye mparachichi nilikosa."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mfuniko nikiupiga kwa jiwe unalia, Longinus, sembuse risasi. Siku ile sikusikia kitu kikilia. Nilingoja useme."

Asubuhi iliyofuata alitoka na bunduki, Ernesta amesimama pembeni. Hakwenda kwenye mparachichi. Alisimama nusu ya njia, akapiga, akakosa. Siku ya pili yake alisogea tena, akakosa. Siku ya tatu alisimama kwenye kizingiti cha jiko, hatua chache tu kutoka kichuguu, pale mkewe anapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Mfuniko ukalia.

"Basi hapa ndipo pangu," akasema.

Ernesta alikitazama kichuguu, kisha kizingiti. "Nguruwe haji mpaka jikoni, mume wangu."

"Haji," Longinus akakubali. Akaifuta bunduki polepole, mtutu na kitako, kama mtu anayemwosha mtoto, na wiki hiyo hiyo akaipeleka polisi Kibondo kuisalimisha.

Japhet alipopata habari alikuja bila utani. Longinus akambandikia mfuniko, akamwambia achague pa kusimama, risasi moja. Japhet alichagua kisiki cha mninga. Alikosa. Akaomba ya pili, Longinus akatikisa kichwa. Siku zilizofuata Japhet alirudi kila asubuhi, hasira zikipungua kadiri alivyosogea, mpaka akaupata mfuniko akiwa kwenye jiwe la muhogo.

Nguruwe walirudi kwa Vestina kabla ya mavuno. Japhet alikwenda alfajiri peke yake. Longinus alikaa barazani akisikiliza, na jua likapanda bila mlio.

Japhet alikuja akiwa amelowa umande, bunduki begani. Akatoa risasi mfukoni, akaishika kiganjani.

"Nguruwe alisimama mbali," akasema. "Mbali kidogo tu. Wamekula mistari ile ya chini yote, baba mdogo. Mama mdogo Vestina analia."

Longinus aliitazama ile risasi. Mahindi yale yalikuwa yamekwisha, na wote wawili walijua nani atalala njaa.

"Kesho utasogea zaidi," akasema. "Nitakuonyesha upande upepo unakotoka. Sasa ingia ule."

Ernesta alikuwa amekwisha kupakua. Alimwekea Japhet ugali, na kando yake bakuli la maharage yenye chumvi.