Kuipeleka Bandarini Gari ya Marehemu Nasoro

Mnisamehe mwandiko wangu. Niliishia darasa la sita, naandika polepole, na pale nilipokosea herufi someni tu mnavyoona inafaa. Mmekuwa mkiniuliza tuliipelekaje bandarini gari nyekundu ya marehemu Mzee Nasoro, na kusimulia mbele za watu mimi siwezi. Kwa hiyo naandika.

Sababu ya safari ni hii. Mwanajeshi mmoja alikuja mara mbili kwa mjane wa Mzee, Mama Zaina, mtaani Mutanga Sud. Mara ya kwanza aliizunguka gari tu. Mara ya pili alisema atarudi na dereva kuichukua kwa kazi ya vita. Mama Zaina alitaka imfikie mwanawe Hamadi, fundi wa magari Kigoma, maana baba yake hakumwachia kitu kingine. Kesho yake kulikuwa na meli ya mizigo ya kuondoka kabla ya adhuhuri. Dereva nilikuwa mimi, kwa kuwa Mzee alinifundisha, na mwingine aliyeijua hakuwepo.

Injini yake haina pistoni. Ndani mnazunguka vyuma viwili vya pembe tatu. Mzee alikuwa akishindana nayo katika mbio za magari, akayachonga matundu ya hewa na ya moshi mpaka yakawa mapana sana. Ikikimbia, inaruka. Ikienda polepole haina nguvu, inatetemeka na kutaka kuzimika. Ukiachia mafuta ghafla, moto unalipuka kwenye bomba la moshi kwa mlio kama wa masasi ya bunduki. Na ukiizima ikiwa na joto, buji za kuwashia moto zinalowa petroli, haiwaki tena mpaka isukumwe. Hiyo ndiyo gari tuliyotaka kupita nayo kwenye bariyeri za wanajeshi, ambapo kila dereva anajua desturi: zima gari, shuka, kitambulisho mkononi, simama kando wakupekue.

Asubuhi tulitoka Mutanga Sud. Mama Zaina alikaa kando yangu na tasbihi yake.

"Deo, unatetemeka weye ao ni gari?"

"Vyote viwili, Mama."

Chini ya mteremko palikuwa na bariyeri ya kwanza. Nilisimama mbali kidogo, mguu kwenye mafuta, naye akatangulia kwa miguu akipunga mtandio wake mweupe. "Wanangu! Gari yangu inakohoa! Si masasi!"

Walicheka. Lakini mkubwa wao alisema, "Mama, kila mutu anazima. Na yeye azime."

Nikazima. Walipomaliza kutupekua haikuwaka.

"Haya, sukumeni sasa," Mama Zaina akasema. "Si nyinyi mumeizima?"

Wawili walitupa bunduki mgongoni, wakasukuma. Ilishika, ikalipuka mara moja, pah! Wote wawili wakajitupa mferejini ingawa walikuwa wameambiwa. Wa tatu alikuwa ameshainua bunduki kuelekea kichwa changu. Mama Zaina akasimama katikati. "Nimekwambia inakohoa!"

Aliishusha taratibu. Hakuna aliyecheka tena. "Mama, toa hii kitu hapa."

Karibu na soko tulikwama nyuma ya lori. Barabara ni tambarare, na kila nilipoachia mafuta ili nisiligonge, bomba lililipuka. Milango ya maduka ilifungwa kwa pamoja. Mwanamke aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alilalia beseni lake. Mwingine alinyakua mtoto asiye wake akakimbia naye. Walipoona ni gari tu, hakuna aliyenitukana, na hilo liliniumiza zaidi. Mwanamume mmoja aliyekaa chini alisema kwa sauti ya mtu asiyelala, "We kijana, hatujasikia ya kutosha?"

Zamani, Mzee akipita hapo, watu walipanda kuta ili wamsikie.

Tulipofika bariyeri ya bandari, meli ilikuwa imeshapiga honi. Hapo hapana mteremko, na meli isingengoja isukumwe. Kuzima kungekuwa mwisho wa safari. Mama Zaina alifungua mdomo, sauti ikatoka kama ya jogoo mgonjwa; alikuwa amepiga kelele asubuhi nzima.

"Nenda weye," akanong'ona.

"Mama, nikitoa mguu inazimika."

"Basi nipe huo mguu wako niushike!" Akapiga magoti pale chini, akakandamiza mafuta kwa mkono, tasbihi ikiwa imezunguka kanyagio. Nami nikashuka.

Mwanajeshi alikuwa wa umri wangu, macho mekundu kwa uchovu.

"Amahoro, shefu," nikamsalimu kwa heshima. "Gari ile ni mugonjwa. Ikizimwa haiwaki. Inalia kama masasi, lakini si masasi."

"Sema kwa nguvu."

Nikasema tena, kwa nguvu, mpaka wenzake wakageuka. Akanyoosha mkono kuelekea melini.

"Pita. Lakini ikilia hata mara moja, mi siulizi."

Nilirudi, nikachukua nafasi yangu, na nikaamua kutoachia mafuta hata kidogo. Niliishikilia kwa nusu klachi, injini ikinguruma bila kupanda wala kushuka, tukisogea kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. Harufu ya klachi kuungua ilijaa ndani. Tulivuka. Haikulia.

Mbele ya meli klachi iliisha kabisa. Wapakizi wakaisukuma kwenye mbao, ikapanda kimya kuliko baiskeli.

"Hamadi ataitengeneza," Mama Zaina akanong'ona. "Kuungua si kuchukuliwa."

Tulirudi kwa miguu, yeye akiwa ameshika viatu mkononi. Sokoni alimtafuta yule mwuza ndagala akamwomba radhi, kwa ishara, maana sauti haikuwepo tena.

Nilichojifunza ni kwamba vita haichukui watu na magari tu. Ule mlio tuliupenda sote. Sasa siwezi kuusikia bila kuona mwanamke amelalia beseni. Na nimejua kwamba naweza kusema kwa nguvu, ingawa sitaki kulazimishwa hivyo tena.

Hatujapata habari kama gari ilifika. Wenye ndugu Kigoma, waulizeni, kisha mniandikie, hata mistari miwili. Kila nikipita mlangoni kwake Mama Zaina ananiuliza, nami nimechoka kumjibu kwamba bado.