Pindo la Upande wa Miguuni

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, shangazi yangu aliponinyang'anya mkasi. Shangazi Tatu alikuwa akishona mifarishi kule Kisarawe, yale mashuka mazito ya kuunga vipande vya kanga. Wewe umeniletea kanga zako hapa Kibaha nikufundishe. Nitakufundisha, ila usinikimbize.

Alikuwa na utaratibu wake, na alikuwa mkali. Mji wa kanga, yaani katikati yake, kata utakavyo. Pindo halichezewi. Linakatwa refu, linazungushwa ukingoni, na unaanzia kwenye pembe mpaka michoro ikutane. Mimi nilipenda kuanzia katikati, nikafumua mpaka vidole vikaota sugu.

Mama alipofariki aliacha doti aliyoipenda, nyekundu yenye pindo jeusi la michoro ya korosho. Watoto tulikuwa wawili, mimi na dada yangu Zuhura. Kila mmoja kipande chake, ndivyo tunavyofanya kwetu. Zuhura akaitaka doti nzima, kwa kuwa yeye ndiye aliyemuuguza mama. Wazee wakakataa. Akachukua chake, akarudi kwa mumewe Dutumi bila kuniaga. Nami nikanuna. Miezi ikapita, hakuna aliyemtafuta mwenzake.

Nikaikata kanga yangu nishone mfarishi wa kumkumbuka mama. Pindo likatosha pande tatu, upande wa miguuni ukabaki mtupu. Kanga moja haizunguki kitanda, na hilo sikuliwaza kabla. Basi nikavuta kanga nyingine, ya kijani, niungie pindo lake. Hapo ndipo mkasi uliponitoka mkononi.

“Pindo la hapo liko Dutumi,” shangazi akasema. “Na njia unaijua. Mnanitia aibu nyie watoto.”

Nikaenda nimevimba, mfarishi nimeufunga kwenye furushi. Njia nzima napanga namna ya kumwomba dada bila kuonekana ninaomba.

Zuhura alinipokea vizuri, akanipikia. Nilipotaja ile kanga akaacha kula. Kumbe alikuwa amejifungua, na mtoto hakufikisha hata jioni. Walipompeleka makaburini walimfunika kwa kanga ya mama, wakamwachia humo humo. Mimi sikuwa najua hata kama ana mimba.

“Nilitaka aende na kitu cha bibi yake,” akaniambia.

Nililia, mwanangu, na sikujificha. Baadaye akaomba auone mfarishi. Akaupapasa zile pande tatu, akaniambia nisitie kitu upande wa nne. Nikamwachia pale pale. Pembe moja ilikuwa imekaa upande, shangazi angeniambia nifumue.

Sasa sikiliza ninachokuusia. Kushona utajua tu, si uchawi, na kanga zipo tele madukani. Lakini ndugu yako akinuna, mfuate. Usingoje mpaka uwe na shida naye. Usikae kupima nani aanze, maana wakati unapima, mwenzako ana yake yanayomkuta na wewe huyajui. Mimi nilikwenda Dutumi kufuata kitambaa, nikaonyeshwa kaburi dogo la mtoto, nami mama yake mdogo sikuwepo lilipochimbwa.

Mungu akupe wepesi wa kubisha hodi kwa ndugu zako, na kila utakapobisha, uwakute wazima.