Moto Uliozimikia Korogwe

Harufu ya gunzi linalofuka hunipandisha hasira mpaka leo. Si moshi wa kuni, huo nimepika nao maisha yangu yote. Ni ule wa gunzi la muhindi, mtamu kidogo, unaokaba koo. Nikiunusa tu, narudi juu ya lori la Mzee Mhina, katikati ya magodoro na matenga ya kuku, mimi na Mwanahamisi tumekumbatia chungu cha makaa kama watu waliokabidhiwa mtoto mchanga.

Mwanahamisi binti Sefu alikuwa rafiki yangu pale Kabuku. Jua la mwaka ule liliunguza mahindi hayajafika magotini, ndipo baba yake, Mzee Sefu, akaamua kuhamia Magoma, mbele ya Korogwe, alikoachiwa shamba na mjomba wake. Barabara ilikuwa vumbi na mashimo, na kwa sisi watoto Magoma ilikuwa mwisho wa dunia. Baba alinituma niwasindikize, nisaidie kupakua, kisha nirudi na lori. Sasa mama yake Mwanahamisi, Bi Zaina, alikuwa na mila ya kwao: mwanamke hawashi jiko la nyumba mpya kwa kiberiti, moto wa kwanza hutoka kwenye mafiga ya zamani. "Moto ukifika mzima," alituambia, "nyumba hii na ile ni moja. Mtakuwa mnakwenda na kurudi." Maneno hayo niliyameza kama yalivyo. Moto ukifika, Mwanahamisi atarudi. Ukizimika, basi tena.

Mzee Mhina, dereva, alipoona chungu alishika kichwa. "We mama, hili lori, si jiko!" Bi Zaina akamjibu, "Na wewe una moto huko mbele kwenye injini, mimi nimekuuliza?" Watu wakacheka, chungu kikapanda. Kazi yetu ilikuwa kulisha makaa gunzi mojamoja na kupuliza taratibu. Tulipewa kikapu cha magunzi ya kutufikisha Magoma, kama lori lingekwenda.

Lilikwenda wapi! Mzee Sefu hakuweza kupita mlango wa ndugu. Anayehama bila kuaga, alisema, huyo katoroka. Hatujatoka Kabuku vizuri, simama, kwa binamu yake Mbwana. Mbele kidogo, simama, kwa Bi Mwantumu aliyewahi kumlea. Segera, simama, kwa shemeji yake Hoza, na Hoza akachinja jogoo, na jogoo akishachinjwa huondoki mpaka aive. Kila nyumba ilitupa kuku mwingine au mzigo wa muhogo. Lori likazidi kujaa, kikapu chetu kikazidi kupungua. Ukimwambia neno Mzee Sefu, anakujibu mwenda pole hajikwai. Hajikwai, sawa, lakini makaa je?

Tulipofika Korogwe magunzi yakaisha. Nilishukuru kwamba hapo Mzee Sefu hana ndugu. Kumbe ndugu yupo wa Bi Zaina mwenyewe! Mwenye moto wake akashuka kwa shangazi yake, Bi Mwajabu, wakakumbatiana, wakalia, wakawakumbuka waliokufa, na kila aliyekufa ana kisa chake. Sisi huku juu tukavunja fito za tenga tukalisha makaa, kuku akachoropoka, nikamkimbiza, nikarudi nahema. Mwishowe nikaenda mlangoni. "Shikamooni. Mama, moto unazimika."

"Nyamaza, mwanangu. Wakubwa wanaaga."

Nikapanda tena, nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka. Mwanahamisi akaweka kiganja juu ya majivu, akakiacha hapo hapo. Hakukiondoa. Ndipo nikajua.

Magoma tuliingia jua linazama. Bi Zaina akakitua chungu kati ya mafiga mapya, akaingiza vidole kwenye majivu. "Ulizimikia wapi?"

"Korogwe, mama," Mwanahamisi akasema. "Mlipokuwa mnaaga."

Hakutugombeza, na hilo liliniudhi zaidi. Jirani mmoja, Mama Shekiondo, akaja na kijinga cha moto kinachowaka. "Kuku wote hawa, moto hamna?" akacheka. Tukapikia moto wa Magoma, tukala, na asubuhi nikapanda lori tupu peke yangu. Mwanahamisi akaolewa huko huko. Tumekuwa watu wa kuonana misibani.

Juzi juzi mjukuu wangu Athumani naye kahamia Korogwe. Kapakia friji, kitanda na mtungi wa gesi kwenye Canter. Nilimwomba anipakie na mimi, anisogeze mpaka Magoma nikamwone mwenzangu. "Bibi, dereva ana haraka, nitakuja kukuchukua." Chai yangu haijapoa vizuri, simu ikalia: wameshafika. Umemuaga nani, nikamuuliza. "Nimeweka status, bibi." Zamani tulisimama kila mlango, leo hakuna mlango wa kusimama, na mimi yote mawili yameniumiza.

Nikampigia Mwanahamisi nimsimulie. Salamu hatujamaliza, akaanza kama anavyoanza kila siku: "Lakini mwenzangu, mimi sikuuzima."

"Najua," nikamwambia. "Nilikuwepo."

Lami inapita hapa mbele ya nyumba, magari yanakwenda Magoma na kurudi siku hiyo hiyo. Kikapu changu nimeshakifunga, kiko nyuma ya mlango, na Athumani bado anakuja.